Namna ya Kumpima Gadi Kiraka wa NBA Kabla ya Kumweka Kwenye Kikosi Chako cha Fantasi

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumeingia kwenye fantasi ya mpira wa kikapu, mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao, tukitokea kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya England, na tumekuja na mazoea ya huko. Huko mchezaji hupewa alama moja ya jumla, na mwenye alama nyingi ndiye bora. Ukimtazama gadi wa NBA, yaani mchezaji wa nje anayechezesha timu au kutupa kutoka mbali, kwa mazoea hayo, ukakuta ana pointi 15 kwa mechi, ribaundi nne (mipira aliyookota baada ya mtupo kukosa) na asisti tano (pasi zilizozaa kikapu), utamwona wa kawaida, nawe utampita ukamchukue mwenye pointi 23. Katika ligi nyingi za kikapu uamuzi huo huleta hasara ambayo mtu haioni mpaka Januari, wakati wenzake wamekwisha kumwacha mbali na yeye bado anajiuliza mbona wafungaji wake wanafunga kila siku.

Gadi ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye kwenye soka tungemwita kiraka. Anaanza namba moja akachezesha timu, anahamia namba mbili akatupa, na siku mwenzake akiumia anashuka namba tatu kugombea mipira na watu waliomzidi urefu. Mchezaji wa aina hii hana takwimu moja kubwa ya kutangazwa. Ana vitu vidogo vingi ambavyo gadi wengine hawana, na huenda ana kimoja au viwili vinavyokuharibia. Kazi ya kumpima ni kuvihesabu vyote viwili, na kuvihesabu kwa kumlinganisha na gadi ambaye ungeweza kumpata bure ndani ya ligi yako mwenyewe.

Anza na kanuni za ligi yako

Gadi mmoja anaweza kuwa lulu katika ligi moja na mtu wa benchi katika nyingine, kwa hiyo kabla ya kusoma takwimu zozote fungua ukurasa wa kanuni. Ligi za fantasi ya NBA zimegawanyika katika aina kubwa mbili. Ipo ya vipengele, ambayo kwa kawaida huwa tisa: pointi, ribaundi, asisti, mipira iliyoibwa, bloku (mitupo ya wapinzani iliyozuiwa), mitupo ya pointi tatu iliyoingia, asilimia ya mitupo, asilimia ya mitupo huru (ile ya kutupa bila kukabwa baada ya faulo), na mipira iliyopotezwa. Humo unashindana katika kila kipengele peke yake, ama na mpinzani mmoja kila wiki, ama na ligi nzima kwa msimu wote. Ipo pia ya alama za jumla, ambayo kila tendo lina bei yake na mwisho vyote vinajumlishwa, na hiyo ndiyo inayofanana na tuliyoizoea kwenye soka.

Tofauti ya aina hizo mbili inaonekana vizuri ukiwaweka pamoja watu wawili. Russell Westbrook, katika msimu wake wa 2016–17 aliochaguliwa kuwa mchezaji bora wa NBA, alikuwa na wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4, na alipata tripo-dabo 42, yaani mechi alizofikisha kumi au zaidi katika vipengele vitatu. Derrick White wa Boston, katika msimu wa 2023–24 ambao timu yake ilitwaa ubingwa, alikuwa na pointi 15.2, ribaundi 4.2, asisti 5.2, mpira mmoja wa kuiba na bloku 1.2. Chukua mizani moja inayotumika sana katika ligi za jumla, yaani alama 1 kwa kila pointi, 1.2 kwa ribaundi, 1.5 kwa asisti na 3 kwa kila mpira ulioibwa au bloku. Westbrook anapata takriban alama 66 kwa mechi, na hata ukimkata 5.4 za mipira aliyopoteza anabaki juu ya 60. White anaishia kwenye 34 na kitu kabla hujamkata chochote. Katika ligi ya namna hiyo hakuna mjadala, na kiraka mtulivu kama White hastahili kuchukuliwa mapema.

Katika ligi ya vipengele tisa mambo yanabadilika, kwa sababu humo hasara za Westbrook, yaani mipira anayopoteza na mitupo anayokosa, hazifunikwi na pointi zake. Zinakaa katika vipengele vyake zenyewe na zinakupiga huko kila wiki. White kwa upande wake karibu hakuharibii popote. Mitupo huru aliingiza asilimia 90, mpira alipoteza kwa nadra, na juu ya hayo anakuletea bloku, kitu ambacho kwa desturi hutafutwa kwa watu warefu wa chini ya kikapu. Hiyo ndiyo kazi iliyomfanya Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, achaguliwe wa pili na Memphis Grizzlies katika drafti (zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) ya mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Gadi anayefanya sehemu ya kazi ya mtu mrefu anakupa nafasi ya kumchagua mtu mrefu kwa sababu nyingine, na faida hiyo haiandikwi popote kwenye takwimu zake.

Mlinganishe na aliyebaki sokoni

Hesabu yenyewe haihitaji programu yoyote. Mimi naifanya kwenye daftari la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila mchezaji. Fungua orodha ya gadi ambao hawajachukuliwa na mtu katika ligi yako, chagua watano bora miongoni mwao, kisha tafuta wastani wao katika kila kipengele. Huyo wa wastani ndiye mtu ambaye ungempata leo bila kumtoa yeyote. Sasa mwandike gadi unayempima pembeni yake, na katika kila mstari andika anamzidi kwa kiasi gani au anapungukiwa kwa kiasi gani.

Tuseme watano wako waliobaki wana wastani wa pointi 11, ribaundi 3, asisti 4, bloku 0.3 na mitupo ya pointi tatu 1.7. White wa msimu ule anawazidi kwa pointi 4.2, ribaundi 1.2, asisti 1.2, bloku 0.9 na mtupo mmoja wa pointi tatu. Macho yatakimbilia 4.2 kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Izidishe kwa mechi nne za wiki na utapata pointi 17 tu, katika mashindano ambayo timu mbili hupishana kwa pointi 80 bila shida. Zile 0.9 za bloku, kwa mechi hizo hizo nne, ni bloku tatu hadi nne, na kipengele cha bloku mara nyingi huisha 21 kwa 19. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo iliyobeba ushindi wa wiki, na kubwa imepita bila kubadilisha matokeo. Kila unapomwona gadi anayezuia mitupo, anayeiba mipira kuliko wenzake au anayeokota ribaundi kama mtu mrefu wa namba nne, rudi kwenye hesabu hii kabla ya kumhukumu kwa pointi zake.

Josh Hart ni mfano mwingine ninaoupenda. Katika msimu wa 2024–25 akiwa New York Knicks alikuwa na wastani wa ribaundi 9.6 na asisti 5.9, wakati pointi zake zilikuwa 13.6. Ukimtazama akicheza utaona ribaundi hizo zinatoka wapi: mtupo unapoondoka yeye yuko kwenye kona, halafu anaingia mbio akipita nyuma ya mabeki wanaotazama mpira, na mara nyingi anaufikia kabla haujashuka usawa wa mikono yao. Hiyo ni tabia ya mchezaji, na haimtoki kwa sababu ya wiki mbaya ya kutupa. Mfungaji wa pointi tatu anaweza kuingiza nusu ya mitupo yake kwa mechi kumi na robo yake kwa kumi zinazofuata, kwa hiyo mechi kumi za namna hiyo zisikufanye umnunue mtu wala umuuze.

Asilimia zinataka idadi ya mitupo

Hapa ndipo watu makini pia hukosea. Asilimia ya mitupo haina uzito wowote mpaka ujue ilitokana na mitupo mingapi. Tuseme wachezaji wako wengine kwa wiki wanatupa mara 300 na kuingiza 147, yaani asilimia 49. Ongeza gadi anayetupa mara 10 kwa mechi kwa asilimia 42.5, mechi nne: timu yako inashuka hadi asilimia 48.2, ambayo bado unaweza kushinda nayo. Ongeza badala yake Westbrook wa mwaka ule, aliyeingiza asilimia hizo hizo 42.5 lakini kwa mitupo 24 kila mechi: sasa uko kwenye 47.4, na mtu mmoja amekutoa kwenye ushindani wa kipengele kizima. Asilimia zao ni zile zile, lakini gharama ya wa pili ni kubwa karibu mara mbili.

Mipira iliyopotezwa nayo isomwe pamoja na asisti, isisomwe peke yake. Harden wa 2016–17 alitoa asisti 11.2 kwa mechi na kupoteza mipira 5.7, na msimu ule alipoteza mipira 464 kwa jumla. Tyrese Haliburton wa 2023–24 alitoa asisti 10.9 na kupoteza 2.3 tu. Kwa mtazamo wa asisti peke yake hao ni watu sawa. Katika ligi inayohesabu mipira iliyopotezwa, wa pili amekupa karibu kila alichokupa wa kwanza na kukuachia zaidi ya mipira mitatu kila usiku. Ikiwa ligi yenu imekiondoa kipengele hicho na kubaki na vinane, tofauti hiyo futa kabisa kwenye daftari.

Udhaifu wa gadi unaweza pia kuwa hauna gharama kwako, kulingana na ulionao tayari. Dyson Daniels wa Atlanta Hawks aliingiza chini ya asilimia 60 ya mitupo huru msimu wa 2024–25. Mtu aliyejenga kikosi juu ya gadi wanaopiga mitupo huru vizuri atasita kumchukua, na yuko sahihi kusita. Mtu mwenye Giannis Antetokounmpo, ambaye hupata mitupo huru mingi sana na kukosa mingi, amekwisha kukitoa kipengele hicho sadaka tangu siku ya kuchagua, na kwake Daniels hana dosari hiyo. Kwa sababu hiyo huwa sikubali kujibu swali la kwamba fulani ana thamani gani kabla sijaonyeshwa kikosi cha anayeuliza.

Dakika, na jinsi nilivyomkosa Daniels

Kila takwimu ya kiraka imesimama juu ya dakika anazopewa, kwa hiyo takwimu za msimu uliopita zisomwe kwa kila dakika 36, yaani ukadirie angepata nini kama angecheza dakika 36, kabla ya kusomwa kwa kila mechi. Hili nimelijua kwa kuumia. Mwaka 2024 Daniels alipohamishwa kutoka New Orleans kwenda Atlanta nilimwandika kwenye daftari langu na kumfuta siku hiyo hiyo, kwa kuwa msimu uliotangulia alikuwa na wastani wa pointi 5.8. Sikujali kwamba alicheza kama dakika 22 tu, wala kwamba ndani ya dakika hizo aliiba mipira 1.4, kiwango ambacho kwa dakika 36 kinazidi miwili. Atlanta walimpa karibu dakika 34. Akamaliza msimu na wastani wa mipira mitatu iliyoibwa kwa mechi, kiwango ambacho NBA haikuwa imekiona tangu Alvin Robertson msimu wa 1990–91, na akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua zaidi.

Aliyemchukua katika ligi yetu ni dada mmoja mhasibu anayefanya kazi maeneo ya Posta. Nilipomuuliza amewezaje kumwona, alinijibu: "Kaka, wewe ulitazama pointi zake. Mimi nilitazama timu aliyokwenda ina nani wa kumweka benchi, nikakosa." Jibu hilo ndilo utaratibu wenyewe. Mchezaji akihamia timu mpya, orodhesha gadi waliomo, hesabu dakika 48 za namba moja na 48 za namba mbili, uzigawe kwa majina yaliyopo, na uone kilichobaki kwa ajili yake. Kiraka ana nafasi nzuri kuliko wengine katika ugawaji huu, kwani anaweza kuchukua dakika za namba tatu pia pindi mtu wa hapo akiumia.

Dakika hizo hizo zinaweza kuondoka kwa sababu isiyomhusu mchezaji hata kidogo. Hart wa ribaundi 9.6 alicheza dakika 37.6 kwa mechi, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa NBA msimu ule, chini ya kocha Tom Thibodeau, ambaye anajulikana kwa kuwaweka watu wake uwanjani muda mrefu. Thibodeau aliachishwa kazi Juni 2025. Kocha anapobadilika, ukurasa wa gadi wako anza kuuandika upya, na usimlipie kwa dakika za bosi aliyekwisha kuondoka. Majeraha ya mwenzake nayo hufanya kazi kwa upande wa pili: Haliburton alipochanika mshipa wa kisigino katika mechi ya saba ya fainali ya mwaka 2025, kazi ya kuchezesha mpira pale Indiana ilikuwa lazima iangukie kwa mtu mwingine, na aliyekuwa na Andrew Nembhard, gadi mwenzake, mkononi alikuwa na sababu ya kutomwachia.

Mechi za wiki na saa za hapa kwetu

Wastani wa mechi hauna maana bila idadi ya mechi. Katika wiki moja timu moja inaweza kucheza mara nne na nyingine mara mbili. Gadi mwenye wastani wa kuiba mipira 1.3 akicheza mara nne anakuletea mitano, na mwenye mipira miwili akicheza mara mbili anakuletea minne. Angalia pia anaruhusiwa kupangwa katika nafasi ngapi kwenye ligi yako, kwani siku zenye mechi nyingi nafasi za gadi hujaa haraka, na kiraka anayeruhusiwa hata kwenye namba tatu hukaa kikosini wakati mfungaji wako wa pili amebaki benchi akifunga pointi zisizohesabiwa.

Halafu kuna suala ambalo miongozo ya Wamarekani haiwezi kukueleza, nalo ni usingizi. Kuanzia mapema Novemba Dar es Salaam iko saa nane mbele ya New York. Mechi ya saa moja jioni huko inaanza kwetu saa tisa usiku, na za Los Angeles mara nyingi huanza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, wakati wengine tumesimama kituoni tukisubiri mwendokasi. Ikiwa ligi yenu hufunga kila mchezaji mechi yake inapoanza, gadi wa timu za magharibi ana thamani ya ziada kwa mtu wa hapa. Unaamka alfajiri, unasoma orodha ya majeruhi, na bado una nafasi ya kumbadilisha. Wa mashariki mwenye goti linalosumbua huwezi kumfuatilia hivyo, kwa sababu taarifa ya mwisho kumhusu hutoka umelala. Kati ya gadi wawili waliolingana kwenye daftari, mimi humchukua wa magharibi bila kusita. Ikiwa ligi yenu hufunga vikosi vyote mechi ya kwanza ya usiku inapoanza, faida hiyo haipo.

Orodha za majeruhi husasishwa mchana wa Marekani, na saa saba mchana ya New York ni saa tatu usiku kwetu. Huo ndio wakati mzuri wa kuzipitia kabla ya kulala, hasa timu inapocheza siku mbili mfululizo, kwa kuwa mwenye historia ya majeraha mara nyingi hupumzishwa moja ya siku hizo. Tangu msimu wa 2023–24 NBA humtaka mchezaji awe amecheza angalau mechi 65 ili ashindanie tuzo kubwa, na kanuni hiyo huwapa nyota sababu ya kutokosa mechi ovyo, ila kiraka asiye na matumaini ya tuzo haimgusi.

Mechi za mapema za Jumapili zitumie kumtazama kwa macho. Ile ya saa tisa na nusu alasiri ya New York huanza saa tano na nusu usiku hapa, na robo mbili za kwanza zinatosha kukuonyesha mambo ambayo takwimu hazina. Tazama nani anapandisha mpira baada ya kocha kuomba mapumziko, kwa sababu huyo ndiye mwenye asisti za kesho. Tazama pia gadi wako anapangwa kumkaba nani. Anayepewa mchezeshaji wa wapinzani hukaa karibu na mpira muda wote na hupata nafasi ya kuuiba, na anayefichwa kwenye kona kumlinda mtupaji asiyetembea hataipata hata akiwa na mikono myepesi kiasi gani.

Mchujo wa ligi nyingi za fantasi huangukia Machi na mwanzoni mwa Aprili, kipindi ambacho timu zilizokwisha kukata tamaa huwapa vijana dakika na kuwaweka kando wazoefu. Kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika ligi yako, fungua tena ukurasa wa gadi wako na uandike timu yake iko nafasi ya ngapi na ina mechi ngapi katika kila wiki ya mchujo. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, na mechi iliyokuwa ikianza saa tisa usiku kwetu inaanza saa nane, kwa hiyo kikosi cha usiku ule kipange mapema kuliko ulivyozoea.